Kutu kwenye ngano ya Kibumba: kabla ya kununua dawa nyingine, tafuta jani la mwisho

Msomaji anauliza: «Jambo Bwana Agronomu. Mimi ni mama wa hapa Goma, ila shamba langu liko Kibumba. Zamani nilikuwa nalima viazi peke yake, sasa ni mwaka wa pili najaribu ngano kwenye nusu hekta. Nilipanda mwezi wa tisa. Sasa imefika kiunoni, shingo zimeanza kuvimba, suke bado halijatoka. Majani ya chini yamejaa unga wa rangi ya chungwa, ukipitisha kidole unabaki mkononi. Jirani aliniambia nipulize dawa ya viazi. Nimepuliza mara mbili, unga unazidi kupanda tu. Tena kuna vidudu vya kijani vimejibana kwenye mashina. Mwaka jana masuke mengine yalitoka meusi kama masizi ya sufuria, na mbegu niliyopanda safari hii ni ya shamba lile lile. Nipulize nini, na lini? Pesa ya kujaribu-jaribu imeisha.»

Jambo Mama, na pole kwa kazi. Barua yako ina magonjwa mawili (huo unga wa chungwa, ambao ni kuvu linaloitwa kutu, na hayo masuke meusi), wadudu wa aina moja, na mapulizo mawili yaliyokwenda bure. Naanza na hayo mapulizo, maana ndiyo yamekula pesa.

Dawa ya viazi unayoisema nadhani ni mankozebu, ile poda ya njano ambayo kila mlimaji wa viazi huko juu huitumia kuzuia mildiu. Si dawa ya uongo. Hata kwenye ngano inaweza kuzuia kutu, lakini inafanya kazi kama koti la mvua: unalivaa kabla hujalowa. Inakaa juu ya jani na kuua mbegu za kuvu zinazotua pale. Ndani ya jani haiingii. Kutu nayo inaishi ndani. Mbegu yake, vumbi lile lile uliloliona kidoleni, ikitua kwenye jani lenye umande huota kwa saa chache tu, ikapenya kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia. Kisha inakaa humo siku 7 hadi 14, na kwenye baridi hata zaidi, jani likionekana zima kabisa. Siku unapoona unga, ugonjwa umeshakula jani wiki mbili, na kizazi cha pili kimesharuka kwenda majani ya juu. Umepuliza koti juu ya mtu aliyekwisha lowa. Kuna na jambo la pili: ngano yako ilikuwa bado inatoa majani, na kila jani lililofunguka baada ya pulizo lilitoka bila dawa hata tone. Kwenye viazi mnapuliza kila wiki ndiyo maana hamlioni tatizo hili.

Kwa hiyo usinunue tena mankozebu kwa shamba hili. Lakini usikimbilie dukani kwanza. Kuna mambo mawili ya kuangalia, na yote mawili hayalipiwi.

La kwanza ni kujua hiyo ni kutu gani, kwa sababu ngano ina tatu. Kutu ya majani ina vidonda vidogo vya duara, rangi ya chungwa iliyoiva au kahawia, vimetawanyika ovyo juu ya jani kama mtu aliyenyunyiza pilipili. Kutu ya manjano ni ya njano hasa, na kwenye majani makubwa inajipanga mistari mistari kufuata mishipa ya jani, kama uzi wa cherehani. Ya tatu, kutu ya shina, ni nyekundu ya tofali. Vidonda vyake ni virefu, vinapasua ngozi ya mmea, na ukipitisha kidole unasikia kingo zake zinakwaruza. Hii inashika shina lenyewe, na jani inaipasua pande zote mbili, juu na chini. Pitisha karatasi nyeupe ya choo kwenye jani, uitazame kwenye mwanga wa jua: rangi inajitenga vizuri kuliko ukiangalia shambani penye kijani kingi.

Kwa maelezo yako, unga wa chungwa kwenye majani ya chini, naona kutu ya majani. Ila sijaridhika. Goma yenyewe iko mita 1500 hivi juu ya bahari, Kibumba iko juu zaidi, na usiku wa kule unaujua mwenyewe. Kutu ya manjano inapenda baridi ya nyuzi 10 hadi 15 pamoja na ukungu wa asubuhi, maana yake inapenda Kibumba. Kutu ya majani inataka joto kidogo zaidi, na kutu ya shina ndiyo inayopenda jua kuliko zote. Mara nyingi nimekuta mbili kwenye jani moja. Basi angalia mistari.

Hiyo ya shina nakuomba uitafute hata kama huna shaka nayo, kwa sababu sisi wa huku tunakaa karibu sana na alikotokea mkubwa wake. Mwaka 1998, kwenye kituo cha utafiti cha Kalengyere karibu na Kabale, Uganda, watafiti walikuta kutu ya shina inashambulia ngano ambazo kwa miaka mingi zilikuwa haziguswi. Mwaka uliofuata ikathibitishwa kuwa ni aina mpya, ikapewa jina Ug99, yaani Uganda 1999. Kinga iliyokuwa ndani ya sehemu kubwa ya ngano za dunia, kinga inayoitwa Sr31, ilikuwa imevunjwa. Upepo ukaibeba: Kenya, Ethiopia, ikavuka bahari mpaka Yemen mwaka 2006, na Iran mwaka 2007. Dunia nzima ilishtuka. Lakini Kabale, Mama, ukipiga mstari kwenye ramani kutoka Goma ni kama kilomita 100 tu. Kwa hiyo mtu akikuuzia mbegu na kusema «hii haipati kutu», muulize haipati kutu ipi, na tangu mwaka gani. Ethiopia walikuwa na ngano iliyoitwa Digalu, wakulima waliipenda kwa sababu ilistahimili kutu ya manjano na hata Ug99. Mwaka 2013 ikaja kutu ya shina ya ukoo mwingine kabisa, ikazikausha Digalu huko kusini mwa nchi. Mbegu yenye kinga ndiyo silaha ya kwanza, nitairudia hapa chini, ila haidumu maisha.

Jambo la pili la kuangalia ndilo linaloamua pesa yako. Ngano ina jani moja linalofanya kazi kubwa kuliko mengine yote ya kujaza punje, nalo ni la mwisho, lile linalotoka chini kidogo ya suke. Sisi tunaliita jani la bendera, kwa sababu linasimama juu kama bendera kwenye mlingoti. Likisaidiwa na lile la pili yake na suke lenyewe, ndivyo vinavyolisha punje. Majani ya chini, hayo uliyoyaona yamejaa unga, kwa hatua hii yameshamaliza kazi. Wengi wanaona jani la chini limekauka wanalia, wanapuliza. Au wanaona la juu bado zuri wanatulia. Wamegeuza hesabu.

Unasema shingo zimeanza kuvimba. Hapo suke limo ndani ya ala ya jani la bendera, linapanda. Kama huna hakika, kata shina moja, ulipasue kwa wembe kutoka juu: ukikuta suke dogo jeupe na hakuna jani jingine limekunjwa juu yake, basi jani lililo nje ndilo la bendera. Kwenye kipimo cha Zadoks, kile Mholanzi huyo na wenzake walichokitoa mwaka 1974 kugawa maisha ya ngano kutoka 0 hadi 99, jani la bendera limefunguka lote ni 39, kuvimba ni kuanzia 41 hadi 49, suke likichomoza nusu ni 55, na maua katikati ni 65. Wewe uko arobaini na kitu. Pulizo moja la maana kwa kutu ya majani linapigwa kuanzia 39 mpaka suke linapotoka. Uko ndani ya dirisha hilo sasa hivi, na linafungwa baada ya siku chache.

Fanya hivi. Asubuhi umande ukipungua, pita shambani kwa mwendo wa zigizaga, usifuate ukingo, maana ukingoni daima kuna mambo yake. Chukua mashina 50 bila kuchagua. Kwa kila shina tazama jani la bendera na lile la pili kutoka juu, mengine yaache. Ukikuta unga kwenye jani la pili kwa mashina mengi, hata kama ni vidonda vichache, au ukikuta mistari ya njano popote kwenye majani hayo mawili, puliza ndani ya siku 2 au 3. Ukikuta majani hayo mawili ni safi kabisa na unga uko chini tu, subiri siku 4, urudi uhesabu tena. Ukikuta kutu ya shina, usisubiri kitu. Na ikiwa ulipopita tayari maua yamekwisha na punje zina maziwa, funga mfuko wako. Hilo la mwisho nimelijifunza kwa aibu. Miaka ya mwanzo ya kazi niliwahi kuwashauri wakulima wapulize punje zikiwa na maziwa, kwa sababu majani yalinitisha. Majani yakabaki mabaya vile vile, mavuno yakawa yale yale, na nusu yao hawakunisalimia msimu mzima.

Dawa yenyewe iwe ya kuingia ndani ya jani. Kwa ngano zinazojulikana sana ni za kundi la triazoli: tebukonazoli na propikonazoli. Jina hilo hulikuti kwenye maandishi makubwa ya etiketi. Pale mbele kuna jina la biashara. Geuza chupa, soma kwa herufi ndogo, penye «kiini» cha dawa na gramu zake kwa lita. Dawa inayouzwa kwenye kichupa cha maji bila etiketi usiinunue, hata muuzaji akiwa ndugu yako. Hujui ni nini wala ni ngapi, na huenda imeshafunguliwa na kuongezwa maji. Etiketi ikiwa haitaji ngano, iache. Ikitaja, angalia pia idadi ya siku kati ya kupuliza na kuvuna. Kwa dawa hizi mara nyingi ni mwezi mmoja au zaidi.

Kuhusu kipimo: kifuniko cha chupa ya bia si kipimo. Huko Kibumba ambako maji ni ya kuchota mbali na kila bidoni ina bei, watu wanapunguza maji wanaongeza dawa, au wanapunguza vyote viwili. Jipime mwenyewe mara moja, utajua maisha yote. Pima mita 10 kwa 10, weka maji matupu lita 5 kwenye pompi, puliza kwa mwendo wako wa kawaida, kisha uone yamebaki mangapi. Tuseme umetumia lita 3. Mita 100 za mraba ni sehemu moja ya mia ya hekta, basi hekta yako inakunywa lita 300, na nusu hekta lita 150: bidoni 7 na nusu za lita 20, au pompi 9 na kidogo za lita 16. Kama etiketi inasema lita 1 ya dawa kwa hekta (nasema kama, soma ya kwako), wewe unahitaji nusu lita kwa shamba lote, yaani mililita 53 hivi kwa kila pompi. Sindano kubwa ya kutibia ng'ombe inapima vizuri kuliko kifuniko chochote. Puliza asubuhi upepo ukiwa umelala, uvae gambuti, mikono mirefu na kitambaa cha kuziba pua, na watoto wasikufuate. Maji ya kuoshea pompi yamwage shambani humo humo.

Sasa hivyo vidudu vya kijani. Ni vidukari, wengine wanaviita chawa wa mimea. Hapa nakuomba uvumilivu, maana najua mkono unawasha. Vidukari vinadhuru kwa njia mbili. Vinanyonya maji ya mmea, na vinabeba virusi vya udumavu wa njano, vile vinavyoifanya ngano ibaki fupi na majani yageuke njano au zambarau kuanzia nchani. Virusi hivi vinauma sana vikiingia ngano ikiwa changa, wiki za mwanzo. Shamba lako limepita huko. Kama lilipata, limeshapata, na hakuna dawa ya wadudu inayotoa virusi ndani ya mmea. Unabakia unyonyaji tu, na huo una hesabu: kabla ya maua, vidukari chini ya 12 hadi 15 kwa shina moja, kwa wastani wa mashina yale 50, ngano inavibeba. Hesabu siku hiyo hiyo unayohesabu kutu.

Ukihesabu, tazama na wengine waliopo. Kuna vidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni, na watoto wao weusi wanaofanana na kimamba kidogo: hao wanakula vidukari kutwa. Utaona pia vidukari vilivyovimba, rangi ya hudhurungi, havitikisiki. Ndani ya kila kimoja kuna mtoto wa nyigu mdogo anayekimaliza. Mvua kubwa nayo inaviosha. Ukipiga dawa ya wadudu leo unaua hawa wote, na vidukari, vinavyozaa bila dume, ndivyo vinavyorudi wa kwanza. Muuzaji atakwambia uchanganye dawa mbili kwenye pompi moja «ili usirudie kazi». Usichanganye kwa sababu hiyo. Vikizidi hesabu hiyo, hapo sawa, na mimi ningechagua kitu chepesi chenye asili ya pareto kuliko zile kali. Milima ya Kivu imelima pareto tangu enzi za wakoloni, tukawa tunauza ua na kununua sumu ya wengine. Hiyo ni habari ya siku nyingine. Kuna kidukari kimoja tu kisichostahili subira: kama majani yamejikunja kama sigara, yana michirizi myeupe, na ukiyafungua unakuta vidukari virefu vyembamba ndani, niandikie siku hiyo hiyo. Hicho ni kidukari cha ngano cha Urusi, na dawa ya juu juu haikifikii ndani ya jani lililojikunja.

Viwavi sitavizungumzia sana. Kama jirani ana mahindi, viwavi jeshi vinaweza kuvuka mpaka, lakini ngano iliyofika kiuno haiwaogopi kama ile changa. Ndege ni kazi ya watoto na debe, kuanzia punje zikiwa na maziwa mpaka kuvuna, na hakuna elimu yangu itakayokuongezea kitu kwenye kuamia ndege.

Nirudi kwenye masuke meusi, kwa sababu hapo ndipo ninapokuogopea zaidi. Hiyo ni fugwe. Suke linatoka likiwa tayari limegeuka masizi badala ya punje, upepo unayapeperusha siku chache, unabaki mfupa wa suke mtupu. Masizi hayo yanaruka wakati ule ule ngano nzima za jirani zimefungua maua. Yanaingia ndani ya ua, yanajificha ndani ya kiini cha punje inayokua. Punje hiyo inaiva nzuri, nzito, huwezi kuitofautisha na nyingine hata kwa darubini ya kawaida. Ukiipanda, kuvu linaamka nayo, linapanda na shina, na mwakani linatoa suke jeusi. Kwa hiyo, Mama, fugwe utakayoiona msimu huu uliipanda mwenyewe mwezi wa tisa, na pulizo lolote la sasa haliizuii.

Unachoweza kufanya sasa ni kupunguza ya msimu ujao. Masuke yakianza kuchomoza, pita kila asubuhi mapema, umande ukiwa bado umeyashika masizi yasiruke. Suke jeusi ulifunike na mfuko wa plastiki kwanza, ndipo ulikate, ufunge mfuko, ukaufukie. Usilikate likiwa wazi halafu utembee nalo shamba zima. Na mavuno ya shamba hili usiyahifadhi kama mbegu, hata ukiona suke jeusi moja moja tu. Kula, uza unga, lakini usipande.

Hakikisha pia kuwa si fugwe ya pili, ile inayoficha masizi ndani ya ganda la punje. Ile haipeperuki. Unaigundua ukivunja punje kati ya kucha, na kwa pua: inanuka samaki, kama sambaza waliokaa siku mbili bila jua. Fugwe yako ya mwaka jana, kama ilikuwa wazi na haina harufu, ni ile ya kwanza. Ya kunuka inaharibu unga wote ukienda kwenye kinu.

Kwa mbegu ya msimu B, ule unaofuata huu wako wa A, tafuta kwingine. Ukiweza, ulizia kupitia kwa agronomu wa eneo au kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA cha Mulungu, upande wa Bukavu, wakuelekeze kwenye mbegu iliyokaguliwa, na uulize waziwazi inastahimili kutu zipi. Ukilazimika kutumia ya jirani, ichanganye na dawa ya mbegu inayoingia ndani, kama zile za tebukonazoli au karboksini, kwa kipimo cha etiketi. Ya kupaka juu tu haimfikii kuvu aliye ndani ya kiini. Mbegu iliyotiwa dawa haiendi kinuni, haiendi kwa kuku. Wazee wa kazi walikuwa wanatumia maji moto: kuiloweka saa kadhaa kwenye maji baridi, kisha dakika 10 hivi kwenye maji ya nyuzi 52. Inafanya kazi, lakini bila kipimajoto cha kuaminika usijaribu. Nyuzi 3 zaidi na umepika uji. Huko India walizoea kuianika mbegu iliyolowekwa kwenye jua kali la kiangazi, joto la jua likamaliza kuvu. Jua la Kibumba haliwezi hilo.

Kabla hujapanda msimu B kuna kazi moja ya bure ambayo kwetu ina uzito kuliko kwa Wazungu. Kwao majira ya baridi yanaipunguza kutu kati ya msimu na msimu. Kutu haiwezi kuishi kwenye majani makavu wala kwenye udongo. Inataka ngano iliyo hai. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo, kuna misimu miwili, na kati yake kuna ngano inayoota yenyewe pembeni ya shamba, kwenye njia, palipopurwa. Hiyo ndiyo inayoivusha kutu kutoka msimu A kwenda B. Ing'oeni yote wiki 3 au 4 kabla ya kupanda, na mkubaliane na majirani, kama salongo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, maana vumbi la kutu halijui mpaka. Usipande ngano juu ya mabua ya ngano wala ya mahindi. Mabua ya ngano yanahifadhi madoa ya majani. Yale ya mahindi yanaleta ugonjwa wa suke la waridi, ambapo mvua ikinyesha ngano ikiwa maua, sehemu ya suke inakufa ikiwa nyeupe na kuota utando wa rangi ya waridi, na punje zake ndogo zilizosinyaa zina sumu inayotapisha watu na nguruwe. Baada ya viazi au maharagwe ndipo ngano inakaa vizuri. Na kwa sababu ya ugonjwa huo huo wa waridi, kama dukani watakupa dawa yenye azoksistrobini, usiitumie tena mara suke likianza kuchomoza: dawa za kundi hilo zikipigwa wakati huo zinaweza kuongeza sumu kwenye punje. Wewe uko mpakani, kwa hiyo triazoli peke yake.

Neno dogo kwa wengine watakaosoma hapa na wana mashamba upande wa magharibi wa Nyiragongo, Rusayo na kuelekea Sake: moshi wa volkano ukishuka na mvua unaunguza majani. Nchani na kingoni panakauka ghafla kwa mazao ya aina zote pamoja, hata migomba na maharagwe, na hakuna unga. Hapo hakuna dawa ya kununua. Kutu inachagua ngano yake, volkano haichagui.

Mwisho hesabu, Mama, kwa sababu umeniambia pesa imeisha. Tuseme nusu hekta yako ingekupa kilo 700, na kutu ikipanda kwenye jani la bendera ichukue moja ya tano: ni kilo 140. Weka bei ya kilo moja ya soko la Virunga wiki hii, utoe gharama ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ya kuishusha mpaka Goma. Upande wa pili andika nusu lita ya dawa, kibarua wa siku moja, na bidoni 8 za maji. Kama upande wa pili unakaribia wa kwanza, na umehesabu mashina 50 ukakuta jani la pili ni safi, usipulize. Kama jani la pili lina unga, nadhani utaona wa kwanza ni mzito. Nitumie picha ya majani hayo mawili, jani la bendera na la pili yake, kwenye karatasi nyeupe, jua likiwa mgongoni kwako, na uandike siku uliyoyachuma.